Remington 870 yenye kutu: shajara ya kutafuta rangi itakayoweza chumvi

Mei, mwanzoni

Bunduki yenyewe ni shotigani ya pampu, Remington 870 Express, mtutu wa inchi 28, nimeichukua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama Houston na imekuja na kutu yake kamili. Wanaozijua hizi hawatashangaa. 870 imeanza kutengenezwa 1950, zimeshatoka zaidi ya milioni 11, sema hii Express ilipokuja 1987 ilikuja ya bei nafuu na walipobania ni kwenye umaliziaji wa nje, badala ya kung'arisha chuma vizuri wakakiacha na ukakasi alafu wakakitia weusi wa juu juu. Ule ukakasi ndio unakaa na unyevu. Ukivua glavu yenye jasho ukaishika mtutuni na ukasahau kuifuta, kesho asubuhi alama za vidole vyako unaziona hapo kwa rangi ya chungwa.

Matumizi yangu ni bata, vinamasi vya upande wa Galveston, pwani ya Texas, maji ya chumvi. Msimu wa wale bata wadogo wa mwanzo unafunguliwa Septemba kwahiyo muda upo. Mimi ni mtoto wa Tanga, chumvi tumekua nayo, nimeona mageti ya watu yanaliwa mpaka bawaba zinabaki zimening'inia, kwahiyo mtu akiniambia "paka mafuta tu inatosha" namsikiliza kwa adabu alafu naendelea na yangu.

Kabla ya yote: bunduki imetolewa risasi, chemba nimeichungulia kwa macho na nimetia na kidole, na risasi zote zimehamishiwa chumba kingine kabisa, hazitoonekana gereji mpaka mradi uishe. Suala la sheria nalo niliweke hapa mapema. Huku Texas bunduki yako mwenyewe kuipaka nyumbani kwako hamna shida, ila ukianza kupakia watu kwa hela hiyo ni biashara na inataka leseni ya serikali kuu. Na ile namba ya bunduki iliyochongwa ubavuni kushoto haiguswi, kuifuta ni kosa la jinai, hivyo msasa mkali maeneo yale haupiti. Mlioko nyumbani hali ni nyingine, Tanzania silaha ni suala la polisi, Kenya kuna Bodi ya Leseni za Silaha, waulizeni wenyewe kabla hujalegeza hata skrubu moja.

Kitu kizuri nilichokiona wakati naifuta: kushoto mwa mtutu karibu na unapoingia kwenye boksi la kati kuna herufi ndogo, Remington walikuwa wanaandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Miezi wanafuata neno BLACKPOWDERX, B ni Januari, L Februari, hivyo hivyo mpaka X ambayo ni Desemba. Huu wangu una W, maana yake Agosti. Nazo nimeamua hazifutiki.

Mei, mwishoni

Nimesoma sana kuhusu aina za kumalizia na naona watu wengi wanabishana chapa ya rangi kabla hawajajiuliza chuma kinalindwa na nini hasa.

Ule weusi wa bluu wa kiasili, hata neno kupaka haulistahili. Ni kutu iliyolazimishwa kuwa nyeusi. Kutu nyekundu ni oksaidi inayovimba na kubanduka, kila ikibanduka inaacha chuma kipya kiliwe, wakati ile nyeusi ni oksaidi nyingine inayokaa imeshikana na chuma. Kuna njia ya polepole ambayo kiukweli ni nzuri sana kuitazama: unapaka dawa, unaacha chuma kiote kutu nyekundu laini, alafu unakitumbukiza kwenye maji yanayochemka na ile nyekundu inageuka nyeusi mbele ya macho yako, unasugua vumbi lake kwa brashi laini ya waya, unarudia tena na tena mpaka rangi ikolee. Bunduki za zamani za mitutu miwili zinafanywa hivi mpaka leo kwasababu ile mitutu imeungwa kwa lehemu laini, ukiitia kwenye tangi la moto la soda kali na naitreti, linalochemka kwenye nyuzi kama 140 za selsiasi, ile soda inaitafuna lehemu. Aluminiamu ndo usiseme, inayeyuka humo.

Shida ni kwamba weusi huu, wa moto au wa polepole, ni mwembamba mno na una vinyweleo. Kinachozuia maji ni mafuta yaliyoshikwa na vile vinyweleo. Mafuta yakitoka, ulinzi umetoka nao. Kwa mtu anayeifuta bunduki yake kila jioni ni sawa kabisa na hamna rangi inayoifikia kwa urembo. Kwa mimi ninayerudi na tope hadi kiunoni, hapana.

Weusi wa baridi, zile chupa ndogo za kupaka kwa pamba, hizo ni za kuziba mkwaruzo. Bunduki nzima haimalizwi kwa chupa ile.

Fosfeti, wao wanaiita Parkerizing, ile rangi ya kijivu iliyokolea ya bunduki za jeshi la Marekani za vita vya pili. Hii naiheshimu. Chuma kinachovywa kwenye tindikali ya fosforiki yenye manganizi au zinki ikiwa moto karibu na kuchemka, inaota ngozi ya fuwele juu yake, na ngozi hiyo inanyonya mafuta kama chapati inavyonyonya mchuzi. Peke yake bado inategemea mafuta, ila ukipaka rangi juu yake inakuwa praima ambayo huwezi kuinunua kwenye kopo. Waingereza ndivyo walivyofanya kwenye silaha zao nyingi za baada ya vita, fosfeti chini, rangi ya kuokwa juu.

Alafu ndo tunafika kwenye rangi zenyewe. Kuna za kukauka na hewa na kuna za kuoka. Za hewa nilizoangalia ni Aluma-Hyde II, ambayo ni epoksi ya kopo la kupuliza, na DuraCoat ambayo unachanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha rangi. Za kuoka ni Gun-Kote, inaokwa nyuzi kama 163 saa moja, na Cerakote ya aina ya H ambayo ni ya kauri, nyuzi 121 saa mbili.

Juni

Nimeongea na kaka mmoja wa Mombasa ana gereji ya kunyoosha na kupiga rangi magari huku huku Houston. Nilimwambia nafikiria ile ya hadina kwasababu haihitaji oveni.

"Sikiza ndugu yangu," akanambia, "hiyo hadina usiifanyie mchezo. Ni jamaa moja na tunayotumia kwenye magari, ina isosayaneti. Barakoa ya vumbi haikufai kitu hapo. Mapafu yakishaikataa mara moja, yameikataa maisha, hata harufu ya mbali utakohoa."

Yeye anapuliza akiwa kwenye chumba maalum na anavutiwa hewa safi kwa bomba. Mimi nina gereji ya magari mawili iliyopakana na jiko, watoto wanapita hapo kwenda kuchukua baiskeli. Kwahiyo DuraCoat imetoka. Rangi nzuri, watu wanaisifu, ila kwangu imetoka kwasababu ya mapafu. Na hizi nyingine pia nimezisomea karatasi zao za usalama moja moja, hamna iliyo maji ya kunywa, zote zinataka barakoa ya kichujio cha kemikali na mlango wazi.

Nimekata vipande vya bati la chuma na kutengeneza jaribio la kienyeji. Kimoja weusi wa baridi, kimoja fosfeti na mafuta, kimoja epoksi ya kopo, kimoja Cerakote, na kimoja fosfeti chini Cerakote juu, hivi vya fosfeti na vya kuoka kaka wa Mombasa kanisaidia vifaa vyake. Kila kimoja nimekichora msalaba kwa ncha ya msumari mpaka chuma cheupe kinaonekana, maana bunduki yoyote ya kuwindia itakwaruzwa tu, ninachotaka kujua ni kutu ikishaingia kwenye mkwaruzo inatembea wapi. Nimevining'iniza nje kwenye uzio na kila asubuhi navipulizia maji ya chumvi kwa ile chupa ya kupigia pasi.

Juni, mwishoni

Weusi wa baridi uligeuka wa chungwa usiku wa kwanza. Sikutegemea kingine.

Fosfeti yenye mafuta ilisimama vizuri mpaka nilipoiosha na sabuni ya vyombo, nikijifanya mtu aliyeosha tope akasahau mafuta, baada ya hapo ikaanza madoa. Epoksi ya kopo ilinishangaza, kutu ilikaa kwenye msalaba tu. Sema ilikuwa laini, hata baada ya wiki nzima na zaidi ukucha unaacha alama, na tone la dawa ya kusafishia mtutu likanyanyua rangi likaacha pele. Nasikia ukiisubiri zaidi inakuwa ngumu kweli na naamini, kwa mtu anayeweza kuitundika na kuisahau ni chaguo la haki kabisa kwa hela yake.

Vipande viwili vya kuoka ndo vilivyonifanya nikae chini na kioo cha kukuzia. Kwa mbali vyote safi. Ukisogeza karibu kwenye mkono wa msalaba, cha Cerakote tupu kimeinua ukingo mwembamba, kutu imeingia chini ya rangi upana wa uzi wa kushonea hivi, ukikwangua na kisu kile kijimkanda kinabanduka. Cha fosfeti chini, kutu imesimama palepale kwenye mkwaruzo, ukikwangua ukingo haubanduki. Yani zile fuwele zinaizuia kutambaa. Hapo jibu la kitaalamu nimelipata.

Sasa jibu la mfukoni. Kutia fosfeti mtutu wa inchi 28 nahitaji tangi refu la chuma kisichoshika kutu, majiko mawili chini yake, na mahali pa kumwaga maji yake yakiisha, maana mtaroni hayamwagwi. Kwa bunduki moja? Nimeamua Cerakote moja kwa moja kwenye chuma kilichopigwa mchanga vizuri kwa presha ya hewa, na ule uzi mmoja wa kutu kwenye mkwaruzo nitaishi nao. Ningekuwa nina bunduki kadhaa za kufanya ningejenga tangi.

Julai, mwanzoni

Oveni. Mama Salma alishaniona napima la jikoni kwa futi.

"Baba Salma, humo napikia mikate ya watoto."

Ana haki. Oveni iliyookewa rangi hairudi kupika chakula, hilo halina mjadala, na hata hivyo mtutu hauingii. Nimepata kabati la chuma la zamani, yale marefu ya kubadilishia nguo shuleni, nimelivika pamba ya mawe kwa nje, chini nimefunga elementi ya umeme na kidhibiti joto, juu nimetoboa matundu ya moshi. Linakaa uani mbali na ukuta, na kizima moto kiko pembeni muda wote. Kipimajoto nimekifunga kwenye kipande cha chuma kinachoning'inia humo ndani. Hii ni muhimu kwasababu hewa ya kabati inafika nyuzi 121 mapema sana, wakati mtutu mzito bado uko nyuma kabisa, na saa mbili zinahesabiwa kuanzia chuma kikifika. Wanaolalamika rangi yao inabanduka, nahisi wengi wameoka hewa tu.

Kuna anayeuliza joto hilo haliharibu chuma? Hapana, nyuzi 121 ni chini sana kwa chuma cha mtutu, hata lehemu laini ya risasi (ile metali, sio ya kufyatua) na bati inaanza kuyeyuka 183 hivi. Vinavyoharibika ni mbao, plastiki na mafuta yaliyojificha, na hayo mafuta ndo habari ya wiki hii.

Nimefungua kila kitu. Kitako na mshikio wa mbao pembeni, seti ya triga pembeni, springi pembeni. Boksi la kati la 870 limechongwa kutoka kwenye kipande kimoja cha chuma, na bomba la kubebea risasi limeunganishwa nalo moja kwa moja, halitoki. Nimeviosha kwa asetoni mpaka kitambaa cheupe kinatoka cheupe. Alafu nikavitia kwenye kabati nyuzi kama 150 kwa saa moja bila rangi yoyote, kuvitoa jasho. Nilipofungua, pale bomba linapoungana na boksi palikuwa na mchirizi wa mafuta ya kahawia yanatoka kwenye kiungo polepole, na kwenye ile pete iliyochomelewa chini ya mtutu tone lingine limening'inia. Miaka yote ya WD-40 ya yule jamaa ilikuwa imekaa humo ndani. Ukipaka juu ya kiungo kama hicho, rangi ikiingia joto mafuta yanapanda na kuitoboa kutokea chini. Nimeosha, nimerudisha, nimeosha tena, mpaka kikatoka kikavu.

Julai, katikati

Kupiga mchanga. Nimeazima kabati la kaka wa Mombasa. Sio mchanga wa baharini wala wa ujenzi, vumbi la mchanga wa kawaida linakula mapafu, hii ni aluminiamu oksaidi gredi ya 100. Mdomo wa mtutu na chemba vimezibwa kwa vizibo vya mpira, nyuzi za skrubu zimezibwa, ndani ya boksi reli za kuteleza nimezifunika, na juu ya namba na zile herufi za mtutu nimepita kwa mbali na presha ndogo, ule weusi utoke lakini michongo ibaki na kina chake. Namba inasomeka vizuri tu.

Chuma kikitoka humo kinakuwa cheupe cha kijivu kisichong'aa, na hapo ndo kina njaa kuliko wakati wowote. Unyevu wa Houston mwezi wa saba hausubiri, ukichelewa kinaanza kupata wingu la kahawia. Kwahiyo nilikuwa nimepanga kila kitu kifanyike siku hiyo hiyo: gereji ina mashine ya kukausha hewa tangu jana yake, glavu mpya, hamna kushika kwa mkono mtupu hata kidogo, kutoka kwenye kabati la mchanga ni hewa ya kompresa, asetoni, kwenye joto, ndoano.

Kabla ya kupuliza niliamua nini hakipakwi, nadhani hili lina uzito kuliko hata rangi gani. Rangi ikikaa vizuri ina unene kama maikroni 25, maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Inaonekana si kitu, ila weka 25 huku na 25 huku kwenye vitu viwili vinavyoteleza ndani ya kimoja na bunduki inagoma. Kwahiyo bolti, zile fimbo mbili za pampu, reli za ndani, chemba, ndani ya mtutu, nyuzi zote, na seti nzima ya triga hazijaguswa, zitabaki na mafuta. Bomba la kubebea risasi nimelipaka nyembamba kwasababu mshikio unapita juu yake.

Mchanganyiko wa H ni sehemu 18 za rangi kwa 1 ya hadina, nimepima kwa bomba la sindano, kukadiria kwa jicho hapa hapana. Ukibadilisha uwiano unabadilisha mng'ao, hadina zaidi inang'aa zaidi. Nimechuja, nikatikisa sana maana unga wake unatuama chini haraka, nikapuliza kwa bomba dogo la kupulizia rangi. Anza na kona na mashimo, maliza na sehemu za wazi. Inatakiwa itue ikiwa mbichi, ukiona inatua kavu yenye vumbivumbi uko mbali mno. Mtutu ulipokea vizuri. Chini ya boksi, pale kwenye mlango wa kuingizia risasi, kuna ukingo mkali ambao rangi haipendi kukaa, pale nimerudia mara ya pili kwa mpuliko mdogo.

Nikaacha tina ipae kidogo, kabati, chuma kikafika 121, saa mbili, nikazima na kuacha kipoe humo humo. Pembeni nilining'iniza bati dogo lililopakwa sambamba, hilo ndo la kutesa. Baada ya kupoa nikalisugua kwa kitambaa chenye asetoni kwa nguvu, kitambaa hakikupata rangi.

Agosti

Mbao hazikuwa na makuu. Msasa, mafuta ya tung mikono kadhaa, basi. Kwa watakaotumia mafuta ya kitani: vitambaa vyake visikunjwe vikatupwa kwenye ndoo, vinajipasha joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke.

Kuunganisha kulienda, ila pampu ilikuwa nzito ukilinganisha na zamani. Nikatoa mshikio, nikaangalia, ndani ya bomba lake kulikuwa na mstari unaong'aa unaoonyesha inapogusa. Hamna cha kukwangua, nimepaka grisi kidogo na kuipampu nikiwa naangalia mpira jioni, mpaka kipindi cha pili ikawa imelainika. Risasi za bandia zimeingia na kutoka zote, usalama unashika, triga iko ilivyokuwa.

Lile bati la mateso bado liko kwenye uzio na maji ya chumvi kila asubuhi, na msalaba wake una kutu ya ule uzi uleule niliouona Juni, haijapanuka. Kaka wa Mombasa kaja kuiona, kaigeuza geuza, kapitisha kidole kwenye ule ukingo wa mlango wa risasi bila kusema kitu, alafu akauliza kama lile kabati naliazimisha, ana bolti za boti za kuoka. Nimemwambia alichukue Jumamosi, ila elementi abadilishe waya wa kuingilia kwanza, huu wangu unapata moto kwenye plagi.

Kilichobaki ni kile kishanga cha shaba cha kulengea mbele ya mtutu, nilikitoa kabla ya kupiga mchanga na sasa nyuzi zake zinacheza kidogo. Nimeagiza kipya.